Mpira Uliogeuka Kisamvu: Historia ya Mti wa Ceará Katika Nyanda za Kati za Tanzania

Neno mpira lina kazi nyingi katika Kiswahili. Ni tufe linalopigwa na vijana uwanjani, ni mchezo wenyewe, ni bomba laini la kumwagilia bustani, ni utepe uliochanwa kwenye tyubu kuukuu ili kufungia mzigo nyuma ya baiskeli, na ni mali ghafi ile inayovutika ambayo vitu hivyo vyote hutengenezwa nayo. Katika nyua za Chang'ombe, ambayo ni kata ya jiji la Dodoma, na katika vijiji vingi vya nyanda za kati za Tanzania, neno hilo lina maana moja zaidi: ni mti wa kivuli unaosimama kando ya nyumba, wenye majani yaliyogawanyika kama vidole vya mkono, ambayo huchumwa, hutwangwa na kupikwa kuwa mboga. Mboga hiyo huitwa kisamvu cha mpira. Jina lake limehifadhi habari ambayo ladha yake haiwezi kuieleza, nayo ni kwamba mti huo uliletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya viwanda vya Ulaya wala si kwa ajili ya chungu cha mtu yeyote, na kwamba kazi uliyoletewa ilimshinda kila aliyeijaribu.

Kwa jina la kitaalamu mti huu huitwa Manihot glaziovii, jina alilopewa na mwanabotania wa Uswisi, Johannes Müller, mwaka 1874, kwa heshima ya Auguste Glaziou, Mfaransa aliyekusanya mimea nchini Brazili. Ni ndugu wa damu wa muhogo, kwa kuwa yote miwili imo katika jenasi moja, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, tena yote miwili huweza kuchavushana. Asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazili, hasa jimbo la Ceará, nchi ya vichaka vya miiba, mvua chache zisizotabirika na ukame wa miaka kadhaa mfululizo. Huko wenyeji huuita maniçoba, na wafanyabiashara wa Ulaya waliuita mpira wa Ceará kwa sababu ya bandari ulikopakiwa. Aliyeishi Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni milimita mia tano na kitu tu, tena hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili na kuiacha miezi iliyobaki bila tone, atauelewa mti huo bila kufundishwa: huhifadhi maji katika mizizi iliyovimba, hupukutisha majani kiangazi kinapokaza, kisha huchipua upya. Kati ya mimea yote iliyowahi kuletwa Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, kutoka ng'ambo, ni michache iliyotoka katika nchi iliyofanana na Ugogo kiasi hicho.

Ili kuelewa sababu ya mti wa vichaka vya Brazili kuvushwa bahari, ni lazima kwanza kutazama jinsi mpira unavyopatikana. Mpira wa asili hutokana na utomvu, yaani maji meupe kama maziwa yanayotoka mmea unapojeruhiwa, ambamo huelea chembechembe ndogo mno za mpira. Utomvu ukigandishwa kwa asidi, kwa chumvi au kwa moto, chembe hizo hushikamana na kuwa donge linalovutika. Mimea yenye utomvu wa namna hiyo ni zaidi ya elfu mbili duniani, lakini inayotoa mpira mwingi na mzuri kiasi cha kulipa gharama ni michache sana, na mfalme wake ni Hevea brasiliensis, mti mrefu wa misitu ya Amazon. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na kiberiti, yaani salfa, huacha kunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1888 John Dunlop alipata hataza ya gurudumu la mpira lililojazwa upepo, kwanza kwa ajili ya baiskeli, na muda si mrefu magari yakafuata. Kuanzia hapo dunia ilihitaji mpira kuliko ulivyoweza kupatikana katika misitu ya Amazon, na kila taifa lililokuwa na makoloni lilianza kuchunguza mimea ya makoloni yake likitafuta utomvu.

Afrika Mashariki haikuanza na mti wa kigeni. Ilikuwa na mpira wake wa porini, uliotoka katika mitambazi ya jamii ya mbungo na mtoria, ile inayopanda juu ya miti mingine na kuzaa matunda machachu yanayopendwa na watoto. Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza katika Unguja, aliichunguza biashara hiyo katika miaka ya 1870, na mtambazi mmoja maarufu, Landolphia kirkii, ukapewa jina lake, ingawa waliokuwa wakiugema walikuwa wameupa majina yao kabla ya Kirk. Mgemaji alikata maganda ya shina, akaukinga utomvu, na mara nyingi akaupaka juu ya mkono wake mwenyewe, ambako ulikauka haraka kwa joto la mwili, kisha akauviringa na kuubandua kama mtu anayevua soksi, akaongeza tabaka juu ya tabaka mpaka likapatikana donge la duara. Madonge hayo yaliteremshwa hadi Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, yakanunuliwa na wenye maduka Wahindi, yakapelekwa Unguja na kutoka huko Ulaya. Kwa kuwa yaliuzwa kwa uzito, haikuchukua muda kabla ya mawe, mchanga na vipande vya magome kuonekana ndani yake, na wanunuzi wakazoea kuyapasua katikati kabla ya kutoa fedha.

Mpaka mwisho wa karne ya 19, mpira huo wa porini ulikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, ukishindana na pembe za ndovu ambazo wenye kuzaa pembe hizo walikuwa wakiisha. Kodi ya nyumba iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1897 iliusukuma zaidi, kwa kuwa mtu wa Donde, Liwale au Mahenge ambaye hakuwa na njia nyingine ya kupata rupia aliweza kuingia msituni na kutoka na mpira. Biashara hii haikuwa na ukatili wa kiwango cha ile ya jirani, katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, ambako vijiji vilitozwa mpira kwa bunduki na viboko. Lakini udhaifu wa msingi ulikuwa uleule. Mtambazi uliokatwa ovyo hufa. Mgemaji aliyekuwa na haraka ya kulipa kodi hakuwa na sababu ya kuutunza mmea usio wake, na serikali iliyowekea misitu mipaka na masharti ilimnyima hata ile haki ya zamani ambayo ingemfanya autunze. Misitu ya karibu iliishiwa, wagemaji wakaenda mbali zaidi, na ubora ukashuka.

Ndipo ulipoingia mti wa Ceará. Mwaka 1876 unakumbukwa zaidi kwa sababu ya Henry Wickham, Mwingereza aliyetoa mbegu zipatazo 70,000 za Hevea huko Brazili na kuzifikisha katika bustani ya mimea ya Kew, London, ambako chache zilizoota zilipelekwa Ceylon na baadaye Malaya. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka huohuo Robert Cross, mtunza bustani aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alikwenda Ceará na kurudi na miche ya Manihot. Kew iliisambaza mimea hiyo miwili katika makoloni kama mtu anayecheza karata mbili kwa pamoja. Katika nchi zenye mvua mwaka mzima, Hevea ilishinda bila ubishi. Lakini Wajerumani, ambao koloni yao ya Afrika Mashariki ilikuwa na kiangazi kirefu karibu kila mahali, waliona kwamba Hevea haikuwafaa sana, na wakaweka matumaini yao kwa mti wa Ceará, ambao ulivumilia ukame, uliota kutokana na mbegu au hata kijiti kilichochomekwa ardhini, na uliweza kugemwa baada ya miaka mitatu hivi, wakati Hevea husubiriwa kwa miaka mitano hadi saba.

Mashamba makubwa yalikuwa katika eneo la Muheza na Tanga, mengine Morogoro na Lindi. Lewa, shamba lililoanzishwa kwa ajili ya tumbaku na likashindwa, lilikuja kuwa maarufu kwa mpira kiasi kwamba namna ya kugema iliyobuniwa huko ilipewa jina lake katika vitabu. Namna hiyo inastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake kuna siri ya mafanikio na ya maangamizi ya mti wa Ceará. Hevea hukatwa mkato mwembamba wa mshazari, na utomvu wake hutiririka taratibu hadi kwenye kikombe, na kesho yake mkato huohuo hufunguliwa tena. Utomvu wa Manihot hautiririki hivyo. Huganda upesi na kuziba jeraha. Kwa hiyo katika Lewa gome la nje lilibanduliwa, shina likapakwa maji ya asidi, mara nyingi ya ndimu au machungwa machachu, kisha likadungwa kwa ncha ya kisu mahali pengi. Matone yaliyochomoza yaligandishwa na asidi palepale juu ya shina, na mgemaji akazungukia miti akiyabandua na kuyaviringa kuwa donge, kazi isiyotofautiana sana na ile ya mgemaji wa porini aliyetumia mkono wake. Ilikuwa kazi rahisi kujifunza, na haikuhitaji vikombe wala mitambo. Lakini ilihitaji mikono mingi mno kwa kila ratili, na donge lilibeba vumbi na vipande vya magome, hivyo likauzwa kwa bei ya chini kuliko karatasi safi za mpira kutoka Malaya.

Taasisi ya Amani, iliyofunguliwa mwaka 1902 katika milima ya Usambara kwa ajili ya utafiti wa kilimo na elimu ya viumbe, iliuchunguza mti huo kwa bidii kubwa. Albrecht Zimmermann, mmoja wa wataalamu wake wakuu, alichapisha mwaka 1913 kitabu kizima juu ya mpira wa Manihot, kilimo chake, ugemaji wake na utayarishaji wake. Si rahisi kutotabasamu kwa uchungu mbele ya tarehe hiyo, kwa kuwa kitabu kilitoka katika mwaka uleule ambao mti uliozungumziwa ulipoteza thamani yake.

Miaka mitatu kabla ya hapo hakuna aliyeyatazamia hayo. Mnamo Aprili 1910 bei ya mpira London ilipanda hadi zaidi ya shilingi 12 za Kiingereza kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana, na wenye fedha wa London walikimbilia kununua chochote kilichokuwa na neno mpira ndani yake, yakiwemo mashamba ya Wajerumani huko Muheza. Lewa yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya Kiingereza. Walioiuza walijua biashara. Katika mwaka huohuo wa 1910 Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma, katika Ugogo ambako misafara ya zamani ya pembe na watumwa ilikuwa ikilipa hongo kwa watemi wa Wagogo ili ipate maji na njia. Kwa nyanda za kati, reli hiyo ilikuwa na athari kubwa zaidi kuliko bei ya mpira: iliwachukua Wanyamwezi na wengine waliokuwa wakitembea kwa miguu kwenda mashamba ya pwani, na pamoja na watu ilisafirisha mbegu, vijiti vya kupanda na habari.

Kisha miti ya Hevea iliyopandwa Asia mwanzoni mwa karne ikaanza kugemwa kwa wingi kwa wakati mmoja. Bei iliporomoka, na kufikia mwaka 1913 mpira wa Ceará ulikuwa ukigharimu kuupata karibu sawa na, au zaidi ya, ulivyouzwa. Mwaka huo mpira ulikuwa bado bidhaa ya pili kwa thamani miongoni mwa zilizosafirishwa nje ya koloni, baada ya mkonge, lakini wenye mashamba walikuwa tayari wanapunguza wagemaji, wanaacha miti ijiotee, au wanapanda mkonge kati ya mistari yake. Hapakuwa na ugonjwa wala ukame wala uasi. Mti ulikuwa uleule, watu walewale. Kilichobadilika ni hesabu iliyofanywa mahali pengine.

Hapo inaonekana tabia ya kila mmea unaotafutwa kuwa mbadala: huishi kwa kufungwa kwa mlango wa mwenzake. Vita ilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza ziliizingira pwani ya koloni, na ule mpira usionunulika ukawa hazina ghafla. Chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, jeshi la kikoloni lilijitengenezea kwa msaada wa Amani vitu vingi lisivyoweza kuagiza, kuanzia kwinini hadi sabuni, na utomvu wa mashamba ya Tanga ulichanganywa na kiberiti ukawa matairi ya magari na baiskeli. Hayakuwa matairi mazuri, ila yaliviringika. Amani ilipotekwa na Waingereza mwaka 1916, kazi hiyo ilikwisha. Nyanda za kati zenyewe ziliambulia kutoka vita hiyo jambo lililo mbali na mpira: uporaji wa nafaka na mifugo kwa ajili ya majeshi, uchukuaji wa wanaume kuwa wapagazi, na ukame uliofuata, vilizaa njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyoua sehemu kubwa ya watu wao na kuufanya utawala mpya wa Kiingereza uwe na wasiwasi wa kudumu juu ya chakula cha eneo hilo.

Mlango ulifungwa tena mwaka 1942. Japani iliteka Malaya na Singapore, na mataifa yaliyoungana dhidi yake yakapoteza karibu asilimia 90 ya mpira wa asili yaliyokuwa yakiutegemea. Mashamba ya Ceará yaliyoachwa Tanganyika kwa karibu miaka 30 yalifyekwa upya, visu vikanolewa, na watu wakachukuliwa kwa amri kwenda kugema, kwa kuwa wakati huo serikali ilikuwa na sheria ya kuwalazimisha watu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, mpira na pareto. Mtu aliyetolewa kwake kwa barua ya serikali kwenda kugema mti ambao soko lilikuwa limeukataa tangu 1913 alikuwa akilipa bei ambayo haikuandikwa katika hesabu za London. Vita ilipokwisha, amri hiyo ikaisha, na mashamba yakafa mara ya pili.

Katika miaka hiyohiyo ya vita, mataifa mengine yaligeukia mmea mdogo zaidi. Wataalamu wa Urusi ya Kisovieti waliotafuta mpira ndani ya mipaka ya nchi yao walikuwa wamegundua, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ua la manjano katika mabonde ya milima ya Tian Shan huko Kazakhstan, ambalo wenyeji waliliita kok-saghyz na ambalo mizizi yake ina mpira mzuri unaokaribiana na ule wa Hevea. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulifikiria kama binamu wa mchunga, ile mboga chungu ya porini inayotoa maziwa meupe jani lake likikatwa, kwa kuwa mimea hiyo imo katika ukoo mmoja. Haligemwi, hung'olewa zima katika mwaka wake wa kwanza au wa pili, na mizizi yake husagwa. Kufikia 1941 Wasovieti walikuwa wamelipanda katika makumi ya maelfu ya hekta, Wamarekani walilijaribu chini ya mradi wao wa dharura wa mpira, na Wajerumani waliliendeleza kwa kazi ya wafungwa huko Rajsko, karibu na Auschwitz. Vita ilipokwisha, Asia ilifunguka, mpira wa viwandani unaotokana na mafuta ya petroli ukawa umeimarika, na ua hilo likasahauliwa upesi kama mti wa Ceará ulivyosahauliwa kabla yake.

Nyanda za kati zilipata pia mfano wao wa jambo hilohilo, ingawa kwa zao jingine. Mwaka 1947, Uingereza ilipokosa mafuta ya kula, serikali yake ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, ikaleta matingatinga na kujenga reli, kisha ikauvunja mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35 katika ardhi ambayo ilikauka na kuwa ngumu kama saruji. Si kwamba karanga hazipatani na Ugogo. Wakulima wa huko walikuwa wakizilima kabla ya mradi na wamezilima baada yake, nazo ndizo zinazoungwa katika kisamvu mpaka leo.

Tofauti kati ya mti wa Ceará na wenzake katika orodha hii ya mbadala ni kwamba haukuondoka. Kok-saghyz ni mmea dhaifu unaomezwa na magugu mara mkulima anapogeuza mgongo. Mti wa Ceará ulijisambaza wenyewe kwa mbegu zinazorushwa tunda linapopasuka, na watu waliusambaza kwa vijiti, kwa kuwa anayehitaji boma la uwa au kivuli cha haraka hahitaji kununua mche. Aliyeuchukua kutoka kwenye shamba lililoachwa hakuwa akiiba. Hapakuwa na aliyeutaka. Kwa vile majani yake yanafanana na ya muhogo, na watu walikwisha kujua kula majani ya muhogo, hatua iliyobaki ilikuwa fupi.

Lakini hatua hiyo ilihitaji maarifa. Majani ya mti huu, kama ya muhogo mchungu, yana kemikali ambayo jani likipondwa hutoa sianidi, sumu inayozuia mwili kutumia hewa inayovutwa. Ndiyo maana kisamvu hakiliwi kibichi wala hakikaangwi upesi kama mchicha. Hutwangwa kwenye kinu hadi kulainika kabisa, jambo linaloiachia sumu nafasi ya kutoka, kisha huchemshwa kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, na mwisho huungwa kwa karanga au, kwa aliye karibu na pwani, kwa nazi. Wapishi wamefika kwenye kanuni hiyo bila maabara, na maabara zilipokuja kuipima zilikuta kwamba kutwanga ndiko kunakofanya sehemu kubwa ya kazi. Ubora wa mti kwa nyumba ya mjini ni wazi: muhogo wa shambani huchumwa majani na mizizi yake ikapungua, lakini huu hauna mizizi ya kuliwa inayohurumiwa, hukua juu ya kimo cha mbuzi, na huchukua nafasi ndogo katika kiwanja ambacho hakina nafasi ya shamba.

Kazi nyingine ya mti huu ilifanyika kimya, nayo ni kubwa kuliko zote. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg alieleza ugonjwa wa muhogo wa Afrika Mashariki unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, ambao wakulima wa Tanzania huuita batobato. Huletwa na virusi vinavyobebwa na nzi weupe, na hupitishwa pia kwa vijiti vya mbegu kutoka kwenye mmea mgonjwa. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea katika kituo cha Amani kilichokuwa sasa chini ya Waingereza, pamoja na R. F. W. Nichols, walitafuta muhogo usioambukizwa, na baada ya kukosa wa kutosha katika muhogo wenyewe waligeukia jamaa zake. Jamaa mmoja alikuwa amesimama mlangoni pao kama masalia ya mashamba ya mpira. Walichavusha muhogo kwa mti wa Ceará, wakapata chotara wenye nguvu dhidi ya ugonjwa lakini mizizi yao miembamba na migumu kama kuni, kisha wakawarudisha chotara hao kwa muhogo, mara ya pili na ya tatu, wakichagua kila mara mche uliohifadhi ukinzani wa baba na kukaribia mizizi ya mama. Storey ndiye pia aliyeueleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana salama. Baada ya Nichols, kazi iliendelezwa na D. L. Jennings katika miaka ya 1950.

Miche ya Amani ilisafiri mbali. Mmoja, uliopewa namba 46106/27, unalimwa Tanzania kwa jina la Namikonga na pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso, na hadi leo ni tegemeo la wataalamu wanaopambana na michirizi ya kahawia. Mwingine, 58308, ulitokana na kizazi kilichopelekwa Nigeria, na kuanzia miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki huko Ibadan iliutumia kuzalisha mbegu zilizosambazwa Afrika nzima. Batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, miongoni mwa mbegu zilizopelekwa kuokoa mashamba ilikuwamo ile iliyoitwa huko Migyera, ya ukoo huohuo. Mwaka 2016 wanasayansi waliosoma chembe za urithi za mihogo mingi ya Afrika walizikuta ndani yake sehemu ndefu zilizotoka moja kwa moja kwa Manihot glaziovii. Mlaji wa ugali wa muhogo wa Kampala au wa Lagos anakula, kwa kiasi fulani, mti ulioshindwa Muheza.

Kuhusu mpira wenyewe, Tanzania huru ilifuata njia ya Hevea. Kiwanda cha matairi cha Arusha, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, kilifanya kazi kwa takriban miongo mitatu na nusu kabla ya kusimama, na mashamba ya Hevea yalipandwa Kalunga katika bonde la Kilombero na Kihuhwi wilayani Muheza, yaani katika wilaya ileile iliyokuwa kitovu cha mpira wa Ceará, lakini kwenye upande wake wenye mvua. Duniani, utafutaji wa mbadala umefufuka. Kuvu inayoshambulia majani ya Hevea, ambayo iliangamiza mashamba ya Henry Ford huko Fordlândia nchini Brazili, haijafika Asia, na woga kwamba siku moja itafika umewarudisha watafiti kwenye ua la Kazakhstan. Kampuni ya Continental ya Ujerumani ilianza kuuza mwaka 2019 tairi la baiskeli lililotengenezwa kwa mpira wa mizizi yake.

Katika Chang'ombe mpira wa Asia hufika katika hali ya tairi la gari, na likichakaa hukatwa kuwa katambuga, viatu ambavyo Mgogo na Mmasai huvivaa miaka mingi bila kuvimaliza. Mpira wa Ceará haufiki kutoka popote. Upo uani, haugemwi na mtu, na majani yake huuzwa kwa fungu pamoja na mlenda.